Lebo zilizotoa masikio: kisa cha gundi moja na chupa mbili

Jina la karakana, mahali ilipo na chochote cha kuwatambulisha wahusika nimekiondoa. Kilichobaki ni chupa, lebo na makosa, yangu yakiwemo. Nilikuwa upande wa muuzaji wa lebo, na kazi yangu ni kumsaidia mteja kuchagua malighafi kabla hazijachapwa.

Usuli

Karakana ilikuwa ndogo, watu wasiozidi kumi, na bidhaa zake mbili. Mafuta ya kujipaka ndiyo yaliyotangulia. Yaliuzwa kwenye chupa za kioo, na mteja akimaliza alizirudisha, zikaoshwa kwa maji ya moto na kujazwa tena. Baadaye ikaja sabuni ya maji ya kunawia mikono, nayo ikatiwa kwenye chupa za plastiki laini kidogo, zile za kuminya, zilizotengenezwa kwa polietilini. Ni plastiki ya kawaida kabisa kwa sabuni na shampuu.

Enzi za kioo peke yake lebo zilikuwa za karatasi, na hakuna aliyewahi kuilalamikia gundi. Walilalamikia madoa. Tone la mafuta likishuka kutoka shingoni, karatasi inalowa na kuwa kama dirisha, unaona chupa kwa ndani. Kwa hiyo sabuni ilipoingia waliamua kuhamia lebo za plastiki nyeupe kwa bidhaa zote mbili: filamu ya polipropilini ya mikroni 60 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), yenye gundi ya kudumu ya akriliki, aina ya plastiki laini inayonata, iliyotengenezwa kwa msingi wa maji. Aina moja ya roli, oda moja, rafu moja stoo. Mtu wa manunuzi alipendezwa sana na mpango huo, na kusema kweli hata mimi niliuona wa busara.

Masikio

Lebo za sabuni zilibandikwa, zikakaguliwa, zikaonekana safi. Siku kama kumi baadaye nikatumiwa picha. Lebo ilizunguka chupa karibu yote, na pale ncha mbili zinapokaribiana, pembe zilikuwa zimeinuka na kusimama kando. Wafanyakazi walisema lebo "zimetoa masikio", nami sijapata jina bora kuliko hilo. Sikio likishainuka vumbi linaingia chini yake, gundi inakufa, na mnunuzi yeyote mwenye vidole visivyotulia anamalizia kazi.

Chini ya picha palikuwa na ujumbe: "Fundi, gundi yenu imechoka. Tuletee kali zaidi."

Nikawaletea kali zaidi.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Tulikuwa na roli zenye gundi ya msingi wa mpira, ile inayoyeyushwa kwa joto na kumwagwa juu ya filamu bila maji wala kiyeyushi. Ni gundi laini yenye mnato mkubwa wa mwanzo: ukiigusa kwa kidole inakudaka papo hapo. Inajulikana pia kwa kushika vizuri kwenye plastiki zinazokataa gundi, na polietilini ni mojawapo. Nilichukua chupa moja ya sabuni waliyoniletea, nikaifuta kwa spiriti, nikabandika kipande, nikakisugua kwa kidole gumba, nikajaribu kukibandua. Filamu ilianza kuvutika kabla gundi haijaachia. Nikaridhika.

Hapo niliacha maswali mawili. Sikuuliza kama roli hizo zitatumika kwenye kioo pia, ingawa nilijua wananunua aina moja kwa bidhaa zote. Na sikujiuliza kwa nini chupa yangu ilikuwa imefutwa kwa spiriti wakati zao hazifutwi hivyo.

Wiki mbili za mwanzo nilisifiwa. Masikio yaliisha.

Kuruka majivu

Tatizo la kwanza halikuwa hata kwenye chupa. Mashine yao ndogo ya kubandikia ina bamba jembamba ambalo karatasi ya nyuma hukunjwa juu yake ili lebo ijitenge. Bamba hilo likaanza kujaa utando wa gundi, lebo zikawa zinatoka zimepinda. Kumbe roli zilikuwa zimewekwa karibu na tangi la maji ya moto. Gundi laini ikipata joto na mkazo wa roli lililofungwa kwa nguvu hutambaa na kuchungulia pembeni. Ukipitisha kidole kwenye ubavu wa roli kinanata. Na lebo zilizokwisha kubandikwa zikawa na mstari mweusi kuzunguka ukingo, kama kucha za fundi wa magari, kwa sababu gundi iliyochungulia hukusanya kila vumbi linalopita.

La pili lilikuwa zito. Chupa za kioo zilianza kurudi kuoshwa.

Nilipoitwa nilikuta makreti yamepangwa mpaka kwenye korido. Mama anayesimamia chumba cha kuoshea alinipokea bila maneno mengi. Alichukua chupa iliyolowekwa tangu asubuhi, akavuta lebo. Filamu ilitoka nzima na sehemu ya gundi, na nyingine ikabaki kwenye kioo kama ute.

"Mwanangu," akaniambia, "hii si gundi. Hii ni ruba."

Alikuwa sahihi kwa namna mbili. Filamu ya plastiki haipitishi maji, kwa hiyo maji ya moto yalikuwa yanagonga mlango uliofungwa. Na gundi ya mpira haiyeyuki majini. Joto linailainisha tu, na ikilainika inakatika katikati yake: nusu inaondoka na filamu, nusu inabaki na kioo. Walikuwa wanakwangua chupa moja moja kwa wembe.

Kisha akanionyesha dawa yake. Alitia mafuta yao wenyewe ya kujipaka kwenye kitambaa, akasugua ule ute kwa kidole, na ukaanza kuviringika kuwa vijipira vya kijivu vinavyodondoka vyenyewe. Halafu sabuni, halafu maji, na kioo kikang'aa.

Nilisimama pale nikiangalia vile vijipira, nikakumbuka lalamiko nililokuwa nimelipuuza wiki iliyotangulia: kwamba baadhi ya lebo za mafuta zinateleza zenyewe chupani, zinashuka milimita mbili tatu na kukaa upande. Nilidhani ni mashine. Kumbe jibu alikuwa nalo mama wa kuoshea. Gundi za mpira hulainishwa na mafuta. Tone lililoshuka shingoni lilikuwa linaingia chini ya ukingo wa lebo na kufanya polepole kile alichokifanya yeye kwa kitambaa. Kwa hiyo gundi niliyowapa iligoma kutoka mahali ilipotakiwa kutoka, na ikaachia mahali ilipotakiwa kushika.

Siku moja karakanani

Safari hii nilikaa kuanzia wanapofungua mpaka wanapofunga, na sikubeba sampuli yoyote ya gundi. Nilibeba kipimajoto cha uso, kalamu za wino wa kupimia nyuso, spiriti, na mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo.

Kalamu hizo zinahitaji maelezo, kwa sababu ndizo zilizogeuza mazungumzo. Dondosha maji kwenye kioo safi, yanatandaa. Yadondoshe kwenye chupa ya polietilini, yanajikusanya kuwa shanga. Gundi ya lebo nayo ni kimiminika, ila kizito sana: haikauki, inabaki laini maisha yake yote, na inashika kwa kutandaa taratibu ndani ya mabonde madogo ya uso. Uso unaokataa maji kutandaa huwa unaikataa na gundi. Nguvu hiyo ya uso hupimwa kwa milinyutoni kwa mita. Maji yana 72. Polietilini ina karibu 31, polipropilini karibu 30, plastiki ya chupa za soda karibu 43, na kioo safi ni mamia. Kila kalamu ina wino wa namba yake. Wino wa 38 ulijikunja kuwa matone kwenye chupa ya sabuni, wa 32 nao ukajikunja, wa 30 ukatulia kama mstari. Kwenye kioo zote zilitulia.

Nilimwita mwenye karakana atazame. Kwa macho yake aliona kwamba chupa zake mbili, ambazo kwenye vitabu vyake ni "chupa" tu, ni dunia mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamweleza jambo hilo kwa mdomo mara mbili bila mafanikio.

La pili niliona kwa kukaa tu. Chupa ilijazwa kwanza, ikafungwa, ikafutwa, ndipo ikabandikwa lebo. Kitambaa cha kufutia kilikuwa kimoja, kinafuta sabuni na mafuta zamu kwa zamu, tangu asubuhi. Kufikia saa tano kilikuwa hakifuti, kinapaka. Nilichukua chupa tano zilizofutwa kwa kitambaa hicho na tano zilizofutwa kwa spiriti na karatasi safi, nikazibandika vipande vya lebo yao ya zamani kabisa, ile ya akriliki waliyoiita imechoka. Baada ya saa 24 nilivivuta kwa mizani. Tofauti haikuhitaji hesabu: kwenye chupa za kitambaa mshale ulifika kama nusu tu ya ulikofika kwenye chupa safi.

Gundi iliyolaumiwa haikuwa imechoka. Ilikuwa inabandikwa juu ya utando wa sabuni.

La tatu lilikuwa kwenye filamu yenyewe. Polipropilini ya aina ile ni ngumu, ina kiburi: ukiikunja inataka kunyooka. Ukiizungusha kwenye chupa ya wembamba wa namna ile, ncha zake zinavuta kwenda nje usiku na mchana bila kupumzika. Halafu mteja anaminya chupa, inabonyea, inarudi, na kila mara mshono unatikiswa. Hata gundi nzuri ikiwekwa chini ya filamu inayopigana nayo huchoka mapema.

Uamuzi wa pili

Tuligawa kazi. Mtu wa manunuzi hakufurahi, na ndiye aliyetetea hoja yake vizuri kuliko wote: aina mbili za roli ni nafasi mbili za kuchanganya. Alisema hivyo mbele yetu sote. Tutarudi kwake.

Kwa sabuni tulichagua filamu ya polietilini ya mikroni 85. Ni nene kuliko ile ya mwanzo lakini ni laini zaidi, inabonyea pamoja na chupa na kurudi nayo. Gundi ikawa akriliki iliyoongezwa utomvu wa kunatisha ili itandae kwenye nyuso zenye nguvu ndogo. Sikurudi kwenye mpira, ingawa kwa mnato wa mwanzo mpira ungeshinda, kwa sababu ya lile tangi la maji ya moto, na kwa sababu chupa za sabuni hukaa madirishani: mwanga wa jua huzeesha gundi za mpira na kuzitia unjano, wakati akriliki huvumilia miaka.

Kwa kioo tulirudi kwenye karatasi. Uamuzi huu ulichukua muda mrefu kuliko mwingine wowote. Karatasi hupitisha maji, kwa hiyo maji ya moto yanaifikia gundi kwa mgongo mzima badala ya kungoja ukingoni, na zipo gundi zilizotengenezwa makusudi ziachie kwenye maji ya moto yenye alkali. Lakini karatasi ndiyo waliyoikimbia kwa sababu ya madoa. Zipo filamu maalumu za kuoshwa, ambazo hujikunja kwenye maji ya moto na kujibandua zenyewe, ila zilihitaji oda kubwa kuliko matumizi yao ya mwaka. Tukakubaliana: karatasi iliyopakwa vanishi, lebo ishushwe mbali na shingo, na kifuniko kibadilishwe kiwe cha kudondoshea ili mafuta yasitiririke. Vanishi haizuii mafuta kabisa, hasa ukingoni ambako karatasi imekatwa na nyuzi zake ziko wazi. Niliwaambia hivyo wazi ili wasije wakanitumia picha nyingine.

Na kitambaa kilipigwa marufuku. Karatasi za kufutia, moja kwa chupa chache, na mafuta yajazwe siku yake, sabuni siku yake.

Majaribio kabla ya kuchapa

Safari ya kwanza nilijaribu chupa moja, niliyoisafisha mwenyewe, kwa kidole gumba, dakika ile ile. Safari hii tulitumia chupa 20 kwa kila aina, zilizojazwa na kufutwa na wafanyakazi wenyewe kwa mikono yao ya kawaida.

Wapimaji wa lebo wana utaratibu. Ule wa FINAT, jumuiya ya watengenezaji wa lebo za kunata iliyoanzishwa mwaka 1958, hutumia kipande cha upana wa milimita 25, kinachovutwa kikirudishwa nyuma kwa nyuzi 180, kwa kasi ya milimita 300 kwa dakika, mara moja baada ya dakika 20 na mara ya pili baada ya saa 24. Sisi hatukuwa na mashine. Tulikuwa na rula, saa ya mkononi na mizani ya mizigo, na tulivuta polepole kwa kadiri mkono unavyoweza kuvuta kwa usawa. Namba zetu hazifai kulinganishwa na za maabara yoyote, lakini zilitosha kulinganisha lebo na lebo.

Jambo lililowashangaza ni tofauti ya dakika 20 na saa 24. Kwenye polietilini lebo ya akriliki ilikuwa hafifu mwanzoni, ukiivuta inakuja bila ugomvi. Kesho yake ilikuwa imekaza karibu maradufu. Gundi ilikuwa bado inatandaa usiku ule. Hapo mmoja wao akasema kwamba wao hupanga chupa kwenye maboksi dakika chache baada ya kubandika, zikisuguana. Tukaongeza sharti: zikae usiku mmoja wazi kabla ya kufungwa.

Chupa za sabuni ziliminywa mara 50 kila moja, kisha zikawekwa wiki nzima bafuni penye mvuke. Chupa za mafuta zilidondoshewa tone kwenye ukingo wa juu wa lebo na kuachwa siku moja, kisha zikapelekwa kwa yule mama azioshe kwa njia yake, bila maelekezo yangu. Aliloweka kwenye maji ya nyuzi 65 yenye magadi ya kuoshea. Dakika kumi na kitu, lebo zikaanza kuelea zenyewe. Alizichota kwa kichujio, akanitazama, hakusema kitu. Niliyachukua kama matokeo mazuri.

Matokeo

Masikio yalipungua mpaka yakawa jambo la chupa chache. Kuosha kukarudi kwenye mwendo wake wa zamani. Kwenye makreti yaliyokuwa yamerundikana, chupa nyingi ziliokolewa kwa mafuta na kitambaa; zilizokuwa zimekwaruzwa kwa wembe zilitupwa.

Kisha mambo mawili yakatokea ndani ya miezi mitatu.

Asubuhi moja ya baridi chupa tupu zilitolewa kwenye banda la nje, zikajazwa na kubandikwa hapo hapo. Kundi lote lile lilitoa masikio. Karatasi ya maelezo ya gundi ilikuwa na joto la aina mbili, na wao walisoma moja. Waliona kwamba lebo inahimili kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 80 juu yake, wakatulia. Hilo ni joto la kuishi, kwa lebo iliyokwisha kushika. Mstari wa juu yake ulisema joto la chini kabisa la kubandikia ni nyuzi 10, na kipimajoto kilipowekwa kwenye chupa za banda lile kilionyesha 7. Gundi ikipoa inakuwa ngumu, haitandai, na saa za mwanzo zikipotea hazirudi hata chumba kikipata joto mchana. Siku hizi chupa hulala ndani.

Na mtu wa manunuzi alikuwa ameona mbali. Roli la lebo za sabuni zisizochapwa bado, za akiba, lilichapwa kwa muundo wa mafuta na kubandikwa kwenye kioo. Zote mbili nyeupe, zote mbili ukubwa ule ule. Chupa zile zilipofika kwenye kuoshea, mama aliwaambia tatizo kabla hajazilowesha, kwa kukwaruza pembe na kucha: karatasi huchanika, filamu huvutika. Tangu hapo roli za kioo huja na kiini cha katikati cha rangi tofauti, na kabla ya kubandika hukwaruzwa lebo moja kwa kucha.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine ni neno "kali". Mteja alilitumia, nami nikalipokea kana kwamba ni kipimo. Gundi ya lebo haina ukali mmoja. Ina mnato wa mwanzo, yaani jinsi inavyodaka mara tu ikigusa. Ina nguvu ya kubanduliwa, yaani inavyopinga kuvutwa ikishatulia. Na ina mshikamano wake wa ndani, ule unaoizuia kuteleza, kutambaa na kukatika katikati. Ukiongeza mnato kwa kuifanya laini, mshikamano ndio unaolipa. Gundi ya mpira niliyowapa ilikuwa bingwa wa la kwanza, na matatizo yote yaliyofuata, utando kwenye bamba, ukingo mweusi, ute kwenye kioo, lebo zinazoteleza, yalitoka kwenye la tatu. Karatasi ya maelezo ilikuwa na namba zote tatu. Mimi nilisoma ile iliyojibu swali la mteja.

Kuna ushahidi wa zamani kwamba udhaifu nao ni sifa. Mwaka 1968 Spencer Silver, mkemia wa 3M, alipata gundi iliyoshika kidogo na kuachia bila kuharibika, na kwa miaka mingi hakukuwa na mtu aliyejua ya kazi gani, mpaka vikaratasi vya Post-it vilipoingia sokoni Marekani kote mwaka 1980. Chupa ya kioo ya karakana hii ilihitaji kitu cha ukoo huo: kushika kwa heshima, kisha kuondoka kinapoambiwa.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa baya kuliko kutojaribu kabisa. Kama nisingejaribu ningebaki na wasiwasi. Kwa kujaribu chupa iliyosafishwa kwa spiriti nilijipa uhakika wa kitu ambacho hakikuwepo kwao. Kilichofaa safari ya pili hakikuwa vifaa, maana mizani ya mizigo si kifaa cha maabara. Kilichofaa ni kwamba chupa zilitoka mikononi mwao zikiwa na uchafu wao, na zikafuatwa mpaka mwisho wa maisha yao, yaani mpaka karai la kuoshea.

Naona pia tulichelewa kumsikiliza mtu sahihi. Malalamiko yalipitia kwa mwenye karakana na mtu wa manunuzi, wanaoiona lebo ikiwa mpya au ikiwa kwenye picha. Anayeiona lebo ikifa ni mwoshaji, na alikuwa ameshagundua udhaifu wa gundi ile kwa mafuta siku nyingi kabla yangu, kwa sababu alihitaji kumaliza kazi yake. Orodha yangu ya maswali kwa wateja sasa ina swali la nani anaibandua lebo, na naomba kuongea naye.

Kuhusu kugawa aina mbili, sidhani jibu letu lingefaa kila mahali. Kama chupa za kioo zisingekuwa zinarudi, gundi ya akriliki yenye utomvu juu ya filamu ya polietilini ingebeba bidhaa zote mbili bila shida, kwa kuwa kioo hukubali karibu kila gundi. Kilicholazimisha mgawanyo ni kuosha. Hata ile akriliki ya kwanza, kwenye chupa safi na kavu na filamu laini zaidi, huenda ingetosha kwa sabuni. Hatukuijaribu kwa mchanganyiko huo, na tulipaswa kuijaribu, kwa sababu tulibadilisha gundi, filamu na kitambaa kwa wakati mmoja na sasa siwezi kusema kila kimoja kilichangia kiasi gani.

Limebaki moja. Kwenye baadhi ya chupa za sabuni zinazokaa kwenye sinki lenye maji, lebo zimeanza kuinuka upande wa chini. Nilidhani ni maji yanayoingia kwenye gundi, mpaka nilipoweka rula kwenye ubavu wa chupa. Muundo wa lebo unashuka mpaka pale chupa inapoanza kujipinda kwenda kitako, na filamu bapa haiwezi kulala kwenye uso unaopinda pande mbili kwa wakati mmoja. Oda ijayo lebo itakuwa fupi kwa milimita 3.